Tuitarajie Nini Taifa Stars? Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Tangu Taifa Stars ilipotolewa na Morocco kwa bao 1–0 katika hatua ya 16 bora ya fainali za Mataifa ya Afrika, tarehe 4 Januari 2026, barua nyingi kutoka Mtwara na Lindi zimekuwa zikizungumzia jambo moja kwa sauti tofauti. Wapo wanaoona kwamba vijana wetu wamefanya makubwa, wapo wanaoona kwamba tumedanganywa tena, na wapo wanaouliza kama vyombo vya habari vinatutendea haki sisi tunaovisikiliza. Nimechagua barua nne, nimezifupisha bila kugusa maana yake, na nimejibu kila moja kwa kadiri nilivyoona inastahili.

Ndugu Mhariri, salaam. Ninaendesha banda la kuonyeshea mpira hapa Masasi. Kila mashindano yanapokaribia, redio zinatuambia kwamba safari hii ni zamu yetu, watu wanajaa bandani hadi nje, wanaimba na kuvaa jezi. Timu ikifungwa, watu walewale huwatukana wachezaji matusi ya nguoni, na siku ya mechi ya Morocco mabenchi yangu mawili yalivunjwa. Je, kosa ni la vyombo vya habari vinavyotupandisha juu, au ni letu mashabiki tunaokubali kupandishwa? — Mwenye banda, Masasi

Ndugu yangu wa Masasi, pole sana kwa hasara hiyo. Kabla sijagawa lawama naomba tuipitie kwanza rekodi ya timu yetu, kwa sababu ninaamini kwamba mzizi wa matusi unayoyasikia bandani mwako ni huu: tunaitarajia timu tusiyoijua.

Taifa Stars imecheza fainali za Mataifa ya Afrika mara nne tu, yaani mwaka 1980 nchini Nigeria, mwaka 2019 nchini Misri, zile za 2023 zilizochezwa Januari 2024 nchini Ivory Coast, na hizi za 2025 nchini Morocco. Katika fainali zote hizo imeshuka uwanjani mara 13, imetoka sare mara 5, imefungwa mara 8, na haijashinda hata mechi moja. Nilipowasomea takwimu hizi vijana wa kijiweni pale Ligula, baadhi yao walibisha mpaka tulipozipitia mechi moja baada ya nyingine, na mmoja wao, ambaye anajua kwa moyo wafungaji wa ligi ya Uingereza, alikiri kwamba hajawahi kumsikia mtangazaji yeyote akizitaja zote kwa pamoja. Huyo si kijana mvivu. Ni kijana ambaye hakupewa kipimo, na mtu asiyepewa kipimo hawezi kujua kama alichokiona ni kikubwa au kidogo.

Mwaka 1980 mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi Mikindani. Tulichokuwa nacho ni Redio Tanzania Dar es Salaam na magazeti yaliyotufikia siku kadhaa baada ya kuchapishwa, kwa kuwa televisheni ya Tanzania Bara ilianza katika miaka ya 1990. Tulijua kwamba timu yetu ilikuwa imefika Lagos kwa bao la Peter Tino lililotupatia sare dhidi ya Zambia mjini Ndola mwaka 1979, na tulijua kwamba fainali zenyewe zilikuwa na timu nane tu. Nigeria, ambao ndio waliokuwa wenyeji na ndio waliotwaa kombe, walitufunga 3–1, Misri wakatufunga 2–1, kisha tukatoka sare ya 1–1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga bao moja na Thuwein Ally akafunga mawili. Wazee waliokuwa wakisikiliza redio barazani walihuzunika, lakini sikumbuki nikimsikia hata mmoja akiwatukana vijana wale. Walikuwa wamewatuma mahali ambapo Tanzania haikuwahi kufika, na walilielewa hilo kabla mpira haujaanza.

Baada ya hapo tulikaa miaka 39. Tarehe 24 Machi 2019 tuliifunga Uganda 3–0 Dar es Salaam, katika uwanja ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso huko huko kwenu Masasi, na furaha ya siku ile siwezi kuieleza ikatosha. Wachezaji waliahidiwa viwanja vya nyumba Dodoma. Vipindi vya michezo viliacha kuzungumzia kufuzu, vikaanza kupanga jinsi tutakavyovuka kundi lenye Senegal na Algeria, timu mbili ambazo mwishowe zilikutana katika fainali yenyewe! Tulifungwa 2–0 na Senegal, tukafungwa 3–2 na Kenya baada ya kuongoza mara mbili, na tukafungwa 3–0 na Algeria. Siku chache baadaye kocha Emmanuel Amunike akaachana na timu, na sauti zilezile zilizokuwa zimetuambia kwamba amejenga kikosi imara zikatueleza kwa nini hakufaa tangu mwanzo.

Sasa nakuomba usome polepole sehemu hii, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu. Katika fainali zilizochezwa Januari 2024 tulifungwa 3–0 na Morocco, tukatoka sare ya 1–1 na Zambia waliocheza kipindi chote cha pili wakiwa pungufu, baada ya bao la mapema la Simon Msuva kusawazishwa na Patson Daka dakika ya 88, kisha tukatoka 0–0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tulipata pointi 2, tukashika mkia wa kundi na kurudi nyumbani. Katika fainali za 2025 tulifungwa 2–1 na Nigeria, tukatoka 1–1 na Uganda, tukatoka 1–1 na Tunisia kwa bao la kusawazisha la Feisal Salum. Tulipata pointi 2 vilevile. Safari hii, kwa kuwa mashindano ya timu 24 huwapeleka mbele pia washindi wa tatu wanne walio bora, pointi zilezile mbili zilitupeleka hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi.

Mwaka 2024 neno lililotawala lilikuwa aibu, na mwaka huu likawa historia. Mimi sikatai kwamba kuna maendeleo, kwa sababu ninayaona: mwaka 2019 tulifungwa mabao 8 katika mechi 3, na safari hii tumefungwa mabao 5 katika mechi 4, tena hakuna timu iliyotuzidi kwa zaidi ya bao moja, wakiwemo Morocco waliokuwa kwao na waliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022. Hayo ni maendeleo ya ulinzi na ya nidhamu, na yanastahili kusemwa kwa sauti. Ninachokataa ni kwamba shabiki wa Masasi aelezwe kuwa timu imekuwa simba kwa sababu ya pointi 2, baada ya kuelezwa miaka miwili kabla kwamba timu hiyohiyo ni takataka kwa sababu ya pointi 2.

Kuhusu swali lako la nani mwenye kosa, nitakujibu bila kukwepa. Vyombo vya habari vina sehemu kubwa zaidi, kwa sababu vyenyewe ndivyo vyenye takwimu mkononi na ndivyo vinavyochagua kuzinyamazia. Vipindi vya michezo vinaishi kwa wadhamini, wadhamini wanafuata wasikilizaji, na gazeti la michezo huuzwa na kichwa cha habari ambacho mpita njia anakisoma likiwa limetundikwa. Mtangazaji anayesema kwamba tunaweza kutoka sare iwapo kiungo wetu atatulia anashindana na yule anayesema kwamba tunakwenda kuwafundisha mpira, na wa pili ndiye anayesikilizwa. Timu ikifungwa biashara haisimami, kwa kuwa kesho yake wasikilizaji walewale watarudi kutafuta mchawi, naye mchawi hupatikana kila mara, leo kocha, kesho kipa, kesho kutwa mshambuliaji aliyekosa bao.

Lakini sisi mashabiki pia tumezoea kuitazama Taifa Stars kwa miwani ya Simba na Yanga. Mchezaji wa klabu ya jirani akikosea akiwa na jezi ya taifa, bandani kwako kuna watu wanaofurahi kwanza na kuhuzunika baadaye, na wewe unawajua kuliko mimi. Matusi mengi ninayoyasikia baada ya mechi ya taifa yanaanzia hapo. Mzee Ali Hassan Mwinyi anakumbukwa kwa kuufananisha mpira wetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila anayetaka kujifunza kunyoa hujifunzia. Naona kauli ile imerudiwa mpaka watu wameichukua kama ruhusa ya kuidharau timu, ilhali ilikuwa kilio cha mtu aliyeumizwa nayo.

Ushauri wangu kwako ni mdogo na hauna gharama. Una ubao ambao unaandika ratiba na kiingilio. Siku ya mechi ya taifa andika pia mara ya mwisho timu hizo mbili zilipokutana matokeo yalikuwa nini, na timu yetu imefunga mabao mangapi katika mechi tano zilizopita. Watu watabishana juu ya ubao huo kabla ya mpira kuanza, na atakayekaa kwenye benchi lako akijua kwamba anatazama mechi ngumu hatalivunja kwa bao moja la dakika ya 64.

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwandishi kijana katika redio moja hapa Lindi Mjini. Mkubwa wangu wa kazi huniambia kwamba habari ya mechi isiyo na moto haina msikilizaji. Ninaipenda nchi yangu na sitaki kumvunja mtu moyo, lakini pia sitaki kusema uongo. Nifanyeje? — Mwandishi, Lindi

Marahaba, mwanangu. Kwanza jua kwamba ugonjwa huu si wetu peke yetu, na pengine kuujua ulivyowapata wengine kutakupa ujasiri wa kuzungumza na mkubwa wako.

Mwaka 1950 Brazil walikuwa wenyeji wa Kombe la Dunia na walihitaji sare tu dhidi ya Uruguay katika mechi ya mwisho. Kabla ya mpira kuchezwa, gazeti moja la Rio de Janeiro lilichapisha picha ya kikosi na kuwaita wachezaji wake mabingwa wa dunia. Uruguay, nchi ndogo kuliko mikoa kadhaa ya Brazil kwa idadi ya watu, wakashinda 2–1 mbele ya umati uliokaribia watu 200,000. Kipa Moacyr Barbosa alibebeshwa lawama ya siku ile hadi alipofariki mwaka 2000, miaka 50 baadaye, na kila ninapokumbuka habari yake huwa najiuliza ni waandishi wangapi walioshiriki kulijaza taifa uhakika ule waliokaa hata siku moja katika lawama aliyokaa yeye maisha yake yote.

Mwaka 1978 Scotland walikwenda Argentina baada ya kuagwa na maelfu ya watu uwanjani Hampden kana kwamba kombe limekwisha kuletwa. Kocha wao Ally MacLeod alikuwa amewaaminisha watu kwamba watarudi na medali, na magazeti yakayabeba maneno yake bila kuuliza. Walifungwa 3–1 na Peru, wakatoka sare ya 1–1 na Iran, kisha wakaifunga Uholanzi 3–2 na bado wakarudi nyumbani. Kinachoniuma ni kwamba kuifunga Uholanzi, timu iliyofika fainali ya mashindano yale, lilikuwa jambo kubwa mno, lakini halikuonekana kwa sababu watu walikuwa wameahidiwa kitu kingine. Matarajio yaliyochochewa kupita kiasi yaliwaongezea maumivu ya kushindwa, na pia yakawanyima furaha ya kile walichokipata.

Nasi tulionja kitu kama hicho Agosti 2025. Katika mashindano ya CHAN, ambayo Tanzania iliyaandaa pamoja na Kenya na Uganda, timu yetu iliongoza kundi kwa pointi 10, kwa kuzifunga Burkina Faso, Mauritania na Madagascar na kutoka sare na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kuvuka makundi katika mashindano hayo. Kisha Morocco wakaja Uwanja wa Mkapa tarehe 22 Agosti, wakatufunga 1–0, na mazungumzo ya redio kwa wiki nzima yakawa juu ya kombe tulilolipoteza, kana kwamba lilikuwa kabatini mwetu. Waliotufunga walikuwa wametwaa CHAN mara mbili kabla ya hapo na safari hiyo wakalitwaa la tatu. Je, msikilizaji wako wa Kilwa au Nachingwea aliambiwa hivyo kabla ya mechi? Aliambiwa pia kwamba CHAN ni ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani ya nchi zao tu, hivyo mafanikio yake hayawezi kuhamishwa moja kwa moja kwenda fainali za Mataifa ya Afrika, ambako Morocco ile huja na wachezaji wa klabu kubwa za Ulaya? Mara nyingi sana hakuambiwa, na miezi minne baadaye akazisubiri fainali za Rabat na Fez kwa kipimo cha mashindano mengine.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba moto unaoutaka mkubwa wako unapatikana ndani ya ukweli wenyewe, mradi uufanyie kazi. Simulia mechi kama mtu anayesimulia safari ya baharini: bahari ikoje leo, chombo kina nanga gani, nahodha amewahi kupita mkondo huu mara ngapi, na ni wapi panapozama vyombo. Mweleze msikilizaji kwamba Nigeria wana washambuliaji wawili wanaocheza kwa kupokezana nafasi, na kwamba beki wetu wa kushoto akipanda juu nyuma yake panabaki wazi. Ukisema hivyo, kila mpira utakaopigwa upande huo utamfanya msikilizaji asimame. Hofu ya kweli na tumaini la kweli vina msisimko ambao majigambo hayana, kwa kuwa majigambo huisha dakika ya kwanza tunapofungwa bao, ilhali aliyeelezwa hali ilivyo huendelea kusikiliza hadi kipenga cha mwisho.

Jihadhari pia na maneno ya kabla ya mechi yanayomhusu mpinzani au waamuzi. Januari 2024 kocha Adel Amrouche alifungiwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF) mechi 8 kwa maneno aliyoyatoa kuhusu Morocco, na timu ikalazimika kumaliza mashindano chini ya Hemed Suleiman, aliyeshika usukani katikati ya safari. Mwandishi hafungiwi kwa namna ile, lakini anayechochea wasikilizaji waamini kwamba tumekwisha kuonewa kabla hatujacheza anawafundisha kutoutazama mpira kabisa. Madai yetu ya penalti katika dakika za nyongeza dhidi ya Morocco mwaka huu yalikuwa na uzito, nami niliruka kitini kama wewe. Hata hivyo, kipindi kizima cha asubuhi kilichotumika kwa penalti ile peke yake kilimnyima msikilizaji nafasi ya kuelezwa jinsi timu yetu ilivyoweza kuwazuia wenyeji kwa zaidi ya saa nzima.

Asalaam aleikum, Mhariri. Mume wangu ni mkulima wa korosho hapa Newala. Malipo ya mnada yalipoingia, alitoa sehemu kubwa akacheza mkeka kwamba Taifa Stars itashinda mechi zake, kwa sababu kila aliposikiliza redio aliambiwa kwamba timu iko vizuri na papo hapo tangazo la kubeti likafuata. Mkeka ulichanika mechi ya kwanza, naye akaongeza fedha katika ya pili. Sasa ada za watoto ni tatizo. Je, nimlaumu nani? — Mama wa watoto watatu, Newala

Waaleikum salaam, dada yangu. Barua yako imeniumiza kuliko zote, na sitakujibu kwa maneno mengi ambayo hayatalipa ada.

Ulichokieleza katika sentensi moja ndicho kitu ambacho wengi wetu tunaofanya kazi ya habari hatukitaji: sauti inayosema timu iko vizuri na sauti inayomwalika mtu aweke fedha zinatoka katika redio moja, ndani ya kipindi kimoja, wakati mwingine kinywani mwa mtu yuleyule. Msikilizaji hawezi kujua mahali uchambuzi unapoishia na mahali biashara inapoanzia. Ninaona kwamba jambo hili si la haki, na nitalisema hata kama litawaudhi wenzangu: mchambuzi anayelipwa kutangaza kubeti hapaswi kuruhusiwa kutabiri matokeo ya timu ya taifa katika kipindi hicho.

Mume wako si mjinga. Aliipenda timu yake, akamwamini aliyempa habari. Zungumza naye siku ambayo hakuna mechi, ikiwezekana mjomba wako au mkubwa mwingine anayemheshimu akiwepo, na umwonyeshe rekodi niliyomwandikia ndugu yetu wa Masasi: mechi 13 za fainali za Mataifa ya Afrika bila ushindi hata mmoja. Anayeweka fedha za korosho kwenye ushindi wa timu hiyo anaweka juu ya kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu mwaka 1980. Mkubaliane kwamba malipo ya msimu ujao yakiingia, ada na pembejeo vitoke kwanza, kabla ya jambo jingine lolote. Kuhusu ada za sasa, nenda wewe mwenyewe kwa mkuu wa shule kabla hujaitwa, ukaeleze hali ilivyo na uombe kulipa kwa awamu, kwa maana mzazi anayejitokeza mapema husikilizwa kuliko anayetafutwa.

Mhariri, mimi ni mzee wa Ruangwa. Mjukuu wangu ana miaka kumi na moja, na kila siku ananiuliza kama mwaka 2027, mashindano yakiwa hapa kwetu, Tanzania itachukua kombe. Nikimwambia hapana ataona babu hana uzalendo, nikimwambia ndiyo nitakuwa nimemdanganya. Nchi ina watu milioni sitini, kwa nini tusiwe na timu? Nimjibu nini mtoto huyu? — Babu, Ruangwa

Shikamoo, mzee wangu. Nianze na hesabu ya watu, kwa kuwa ndiyo inayotumika sana redioni. Ni kweli kwamba sensa ya 2022 ilituhesabu kuwa watu zaidi ya milioni 61. Cape Verde ina watu wasiozidi milioni moja, na bado ilifika robo fainali ya Mataifa ya Afrika mara ya kwanza iliposhiriki mwaka 2013, na Oktoba 2025 ikafuzu kwenda Kombe la Dunia, mahali ambapo sisi hatujawahi kufika. Idadi ya watu haichezi mpira. Wanaocheza ni watoto waliopata uwanja, mwalimu na mashindano tangu wakiwa na umri wa mjukuu wako, na kwa upande huo nchi yetu ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye sensa.

Ruangwa mnalijua hili kuliko wengi. Namungo haikuwa jina la kutajwa Dar es Salaam, lakini ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, msimu wake wa kwanza ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF na kufungwa 2–1 na Simba, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Haikufika huko kwa kelele. Ilipata uwanja, ilipata watu walioisimamia kwa karibu, na mashabiki wake walijua kwamba timu ilikuwa inapanda ngazi moja baada ya nyingine. Kwa upande wa Mtwara, tuliiona Ndanda ikipanda na kukaa Ligi Kuu kwa misimu kadhaa, Uwanja wa Nangwanda Sijaona ukijaa Simba na Yanga zinapokuja, kisha tukaiona ikishuka mwaka 2020, na hadi leo pengo lile halijazibwa. Mtwara imewahi pia kupokea kitaifa michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, na nilikuwepo miongoni mwa watazamaji wachache nilipomwona mtoto mmoja wa kiungo akipiga pasi ambazo sijaziona Ligi Kuu. Hakukuwa na kamera, hakukuwa na mchambuzi, na sijui kama kuna aliyeliandika jina lake.

Hapo ndipo ningependa kelele zetu zihamie. Redio inayotumia saa tatu kubishana kama kocha Miguel Gamondi alikosea kumtoa mshambuliaji fulani ingeweza kutumia nusu saa kuuliza ni shule ngapi za wilaya zina mwalimu wa michezo, na ni viwanja vingapi vya vijiji vimebaki bila kugeuzwa kuwa viwanja vya nyumba. Matarajio ya namna hiyo ningeyafurahia hata yakiwa makali, kwa sababu yangemfikia mtu anayeweza kuyatimiza. Mshambuliaji mwenye miaka 25 hawezi tena kurudishiwa mafunzo ambayo hakuyapata akiwa na miaka 11.

Fainali za 2027, ambazo CAF ilizikabidhi kwa Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2023, zitakuja na shamrashamra kubwa kuliko zote tulizozisikia. Tutaambiwa kwamba mwenyeji hufika mbali. Wapo waliofika mbali kweli, akiwemo Nigeria wa mwaka 1980, na wapo walioaga mashindano katika makundi mbele ya watu wao. Mimi mwenyewe natarajia mambo mawili, na nitahesabu kwamba timu imefanikiwa ikiyatimiza: kushinda mechi ya kwanza katika historia yetu ya fainali hizi, na kuvuka kundi kwa ushindi badala ya kusubiri hesabu za makundi mengine. Kitakachopatikana zaidi ya hapo nitakipokea kwa machozi ya furaha.

Kwa hiyo usimwambie ndiyo wala hapana, mzee wangu. Kaa naye barazani, mchukue daftari, mwandike pamoja mechi zote 13 kama nilivyozitaja katika ukurasa huu, kwa mwaka, mpinzani na mabao, na mbele yake mwache mistari mitatu mitupu kwa ajili ya mechi za makundi za 2027. Mwambie kwamba tangu babu yake alipokuwa kijana Tanzania inasubiri kuandika ushindi wa kwanza katika daftari hilo, na kwamba siku utakapopatikana kalamu itakuwa mkononi mwake. Kisha Jumamosi umpeleke uwanjani, awe na mpira wake.